Mzee Aliyeniachia Njia

Tulikuwa tunarudi kutoka mazishini Ileje, Isongole tumeshaiacha nyuma na vumbi limeanza kutuingilia madirishani, mwanangu Gwakisa alipozima redio akaniuliza swali nililojua litakuja. "Mama, babu uji wake ulikuwa unapika wewe. Dawa zake unafuata wewe. Leo watu wote wamepanga mstari kumuaga, hata wale wa Mlowo waliokuja kwa sababu ya biashara yangu tu. Mbona wewe hukupita?" Shangazi zake, kiti cha nyuma, wakacheka chini chini. Wao walikuwa wanajua. Nikamwambia aangalie mbele, barabara ile haina huruma na dereva anayegeuza shingo, na kwamba jibu lake ni refu kuliko safari yenyewe. Akasema tuna muda. Huyu mtoto ni mbishi, amerithi kwangu, basi nikaanza kumsimulia, na sasa naandika kile nilichomsimulia pamoja na kile nilichokimeza kwa sababu ya aibu ya mama mbele ya mwanawe.

Mwaka wenyewe ni ule ambao mitumba ilijaa Tunduma mpaka watu wakasahau harufu ya kitambaa kipya. Enzi za ruksa zilikuwa zimechangamka. Vitu tulivyokuwa tunaviota, sabuni za kunukia, betri, mafuta ya kula kwa madumu, vilikuwa vimetandazwa kando ya barabara, na wenye navyo wanakuita kwa Kiswahili, kwa Kibemba, kwa Kiingereza cha kubahatisha, ilimradi usipite mikono mitupu. Mama yangu alikuwa na mgahawa karibu na mpaka, chumba kimoja chenye meza mbili ndefu na jiko la kuni uani. Mimi ndiye mpishi, mimi mhudumu, mimi mwosha sahani. Asubuhi madereva wa malori wanataka supu na chapati za moto. Mchana Wazambia wanavuka kuja kula wali, "Mulishani, ba mayo," wanamsalimia mama, naye anajibu "Bwino" kwa lafudhi yake ya Lushoto mpaka chumba kizima kinacheka. Sisi Wasambaa salamu ndiyo mtu. Mama angeweza kusamehe sahani iliyovunjika, ila si mtoto aliyepita mbele ya mkubwa bila kuinama na kusema shikamoo. Kwa hilo nilichapwa, tena sana, na sikulisahau.

Kibarazani kwetu alikuwa amepanga fundi cherehani, kijana wa Kindali kutoka milima ya Ileje, jina lake Asajile. Alikuwa mrefu, masikio yake yamesimama kidogo kwa pembeni, utadhani anasikiliza kitu cha mbali. Kushona nguo mpya kulikuwa kumekufa, kazi yake ilikuwa kupunguza suruali za Wazungu wanene ziwatoshe vijana wa Tunduma, na alikuwa anazipunguza huku anazisema, "Huyu naye alikuwa anakula nini?" Katika wateja wote wa mama ni yeye peke yake aliyerudisha sahani imeoshwa. "Huyo ama ana adabu, ama anataka kitu," mama akasema. Vyote viwili vilikuwa kweli. Kufikia mvua za kwanza nilikuwa namwekea ukoko wa wali pembeni, na kufikia za mwisho ameshanitamkia.

Kati ya jiko na chumba cha kulia palikuwa na ukuta wa mabanzi, na mtu wa jikoni anasikia kila kitu. Alasiri moja nikiwa napepeta mchele nikamsikia Mama Zubeda, jirani yetu Mrangi kutoka Kondoa, muuza kanga, akimwambia mama: "Shoga, wale watu wa milimani wana mambo yao. Watamtaka mtoto asiyejua hata lugha yao?" Mama akasema, "Aende akaonwe. Wazee wakimtaka, nitapika mwenyewe hiyo pilau. Wakimkataa, arudi, na fundi ahame kibarazani kwangu. Sitaki mwanangu akaishi mahali anapovumiliwa." Jioni akaniita akanirudia maneno yaleyale usoni, akataka niahidi. Nikaahidi. Nilikuwa nampenda Asajile jamani, nisidanganye, nilikuwa nampenda mpaka chakula hakipiti. Lakini nilimwona mama akiishi na wakwe waliomvumilia, na niliahidi kwa moyo wote.

Tukapanda gari la mizigo pale Mpemba, juu ya magunia, tukalala Itumba kwa binamu yake, na alfajiri tukaanza kupanda kwa miguu. Siku hizo huko juu hakuna gari lililofika. Vijiji vimekaa kwenye ukingo wa mlima, kimoja hapa, kingine ng'ambo ya korongo, na njia inapita pembezoni mwa magenge, upande wako mmoja mwamba, upande mwingine unaona migomba ya watu wa chini ikiwa midogo kama mboga bustanini. Ng'ambo kabisa, baada ya mto Songwe, milima ya Malawi. Asajile akaniambia siku ikiwa safi unaliona hata Ziwa Nyasa. Nikatazama alipoonyesha, nikaona ukungu. "Lile pale," akasema. "Lipi?" "Lile." Mpaka leo sijaliona, na mpaka leo anaonyesha.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya shangazi yake, Tupokigwe, mama mnene mwenye kicheko cha kutikisa mabati. Chumba chake kilikuwa na giza la moshi na harufu ya kahawa iliyoanikwa ndani kwa kuogopa mvua. Akatutengea ndizi zilizopikwa na maharage, beseni zima, akakaa mbele yangu kuangalia ninavyokula. Mimi mtoto wa mgahawa najua mpishi anapenda nini: nikamaliza. Akaongeza. Nikamaliza tena. Asajile anajikunja kwa kicheko, na tulipotoka nje ndipo akasema, "Onja tu, mwenzangu. Kuna kwa mjomba, kuna kwa jirani wa mjomba, halafu nyumbani." Nikamwambia, "Mbona hukusema mapema, we mwanamume? Nitapandaje mlima na tumbo hili?" Akanibebea kikapu. Nikamuuliza na baba yake je, huko nyumbani nitamkuta? Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. "Baba hutaonana naye," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema leo si siku ya gulio. Nikadhani mzee amesafiri.

Tulipofika kwenye kona nyembamba ya magenge akakumbuka mwavuli wake kautundika kwa shangazi. Wingu lilikuwa limeanza kukaa juu ya Malawi, akasema anaurudia mbio, nimsubiri palepale na kikapu changu. Nikakaa juu ya jiwe. Palikuwa pametulia, unasikia mtu anapasua kuni kijiji cha chini. Basi nikaona mzee anakuja kutoka mbele, amebeba machipukizi ya migomba begani, kichwani amevaa kofia ya pama ya kahawia. Nikasimama, nikapiga goti nusu kama nilivyofundwa, nikasema, "Shikamoo, mzee wangu."

Mzee akasimama. Akanitazama mara moja, nami nikamtazama, na nikayaona masikio. Masikio ya Asajile, yamesimama vilevile kwa pembeni. Moyo ukanilipuka: huyu ndiye baba! Nikafungua mdomo niongeze salamu. Weee! Mzee akageuza uso haraka, akajifunika kwa yale machipukizi, akaiacha njia. Akaiacha! Pale ambapo hata mbuzi angefikiria mara mbili, mzee wa watu akateremka genge kwa makalio, akishika majani, mawe yanaporomoka, machipukizi mengine yanabaki njiani. Nikapiga kelele, "Mzee, utaanguka!" Hakuitikia. Nikasikia vichaka vinavunjika chini kwa chini, kisha nikaona mgongo wake unakatiza kwenye kahawa, unakwenda mbio. Kofia ya pama ilibaki imenasa kwenye kichaka, karibu na mguu wangu.

Nilikaa tena juu ya jiwe. Sijawahi kudharauliwa vile. Mlevi wa Tunduma akikutukana unamtukana, yanaisha. Huyu alikuwa tayari kuvunjika shingo kuliko kuniitikia marahaba. Ndipo nikakumbuka, "Baba hutaonana naye." Kumbe Asajile alikuwa anajua! Kumbe mzee ameshakataa zamani, na mimi natembezwa mlimani nikilishwa ndizi na watu wanaonihurumia. Nikaiokota ile kofia. Sijui kwa nini, pengine kwa sababu haikuwa kofia ya kuachwa ikaoza, ilikuwa imepigwa brashi vizuri. Nikaificha ndani ya kikapu, chini ya kanga nilizomletea mama yake. Asajile aliporudi na mwavuli, anahema, nikamwambia twende. Akaniuliza haya machipukizi ya nani. Nikamjibu, "Nitajuaje mimi, mgeni?" Nilishaamua. Nitafika mwisho wa njia, nitawasalimu wote kwa adabu ili wasije wakasema mama yangu hakunilea, na jioni nitamwambia mwenyewe kwamba kibarazani kwetu ahame.

Nikwambie jambo la ajabu. Mtu akishaamua, macho yanafunguka. Ile safari iliyobaki niliiona yote. Niliona jinsi anavyonyoosha mkono nyuma bila kutazama, kila penye utelezi, akijua nitaushika. Tulinywa maji ya chemchemi kwa jani la mgomba, akalikunja kwanza langu. Kwa mjomba wake tulikuta viazi vya kuchoma na maziwa mgando, na yule mjomba, kaka wa mama yake, akaushika mkono wangu akautikisa mpaka bega likauma, "Karibu sana, karibu binti, umetuletea jua!" na mvua ndiyo kwanza inaanza. Ule ukarimu ulinichoma zaidi. Kama mjomba ananipa mkono hivi, baba ananikimbia nini? Tukajikinga na mvua chini ya upenu wa stoo yake ya mahindi, mimi na Asajile bega kwa bega, maji yanatiririka mbele yetu, naye anazungumza mipango: atapata cherehani ya pili, atafundisha mtu, nyumba atajenga Tunduma lakini mahindi yatatoka huku. "Na watoto watajua Kindali," akasema, "ila kupika watajifunza kwako." Nikaitikia mmh. Akanitazama. "Umechoka?" Nikasema ndiyo, nimechoka. Nilikuwa nataka kulia, nikaangalia mvua.

Kwao tulifika jua limerudi, la jioni, majani yote yanameta. Nyumba ya matofali, kibanda cha jiko pembeni, kahawa mpaka mlangoni. Wanawake wakanipokea kikapu, nikakataa kukiachia. Wakaniingiza jikoni, Asajile akabaki nje na wanaume. Jikoni alikuwepo mama yake, mwanamke mfupi mtulivu, na dada yake Atupele, na majirani wawili. Nikawekwa juu ya kigoda. Chungu kinachemka, wao wanazungumza Kindali, haraka haraka, wananitazama, wanacheka, wanaziba vinywa. Mara Atupele anaigiza mtu anayeteremka kwa makalio, anajishika kiuno, wote wanaanguka kwa kicheko. Hapo damu ikanipanda. Nikajua wameshaambiwa, na wananicheka mbele yangu.

Nikasimama. Nikatoa kofia kikapuni nikaishika mbele ya kifua. "Mama," nikasema, "kofia hii ni ya baba. Nimemsalimia njiani kwa heshima zote, amenikimbia. Mimi kwetu sikukosa chakula. Kama hamnitaki niambieni nikiwa nimesimama, nitarudi kwa mama yangu asubuhi."

Wote wakageuka. Walikuwa hawaniangalii mimi, wanaiangalia kofia. Kisha Atupele akapiga ukelele, "Ameishika! Jamani, ameishika!" na yule jirani mmoja akaketi chini kabisa, machozi yanamtoka, akipiga sakafu kwa kiganja. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alichukua jani la mgomba, akaja akaipokea ile kofia juu ya jani, taratibu, akampa Atupele aitoe nje. Halafu akanishika mikono yote miwili.

"Asajile hakukwambia?"

"Hakuniambia nini?"

"Ee Mungu wangu, watoto hawa wa mjini." Akaniketisha. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, anakichagua. "Mwanangu, hapa kwetu mgeni ndiye anayepewa mkono. Mkwe anapishwa. Mke wa mwanao humtazami usoni, hukai naye chumba kimoja, humwiti jina, vitu vyako havishiki. Ukikutana naye njiani, mmoja wenu anaiacha njia. Ni woga, lakini si woga wa simba. Ni heshima. Na anayeiacha njia huwa ni mwanamke, ndiyo maana hawa wanacheka. Wewe hukujua, ukasimama kama askari, basi mzee akateremka yeye." Akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake. "Angekuitikia marahaba, ningekwambia pole. Maana yake wewe ni mpita njia tu. Amefika hapa saa ile amechubuka miguu yote, hana kofia, mimi nasema kulikoni, yeye anasema: mkwe wangu amekuja, nimekutana naye magengeni, mpikieni vizuri. Ameshahamia kwa mdogo wake mpaka mtakapoondoka."

Nililia, nikacheka, nikalia tena, na kamasi juu. Wale wanawake wakanikumbatia wote kwa mpigo, nikanuka moshi wao mpaka kwenye nywele. Mimi nilikuwa nimebeba talaka kikapuni siku nzima, kabla hata ya ndoa, na huku mzee ameshanioza tangu asubuhi. Nilipomweleza Asajile nje, kwenye kahawa, alikaa chini. "Ungeniacha?" Nikamwambia ndiyo, ningekuacha, nilishaahidi. Akasema alidhani kila mtu duniani anajua jambo hilo, haikumjia akilini kwamba kuna mahali mkwe na baba mkwe wanapeana mikono. Nikamwambia siku nyingine afikirie vizuri kabla ya kufunga kamba za viatu. Mama alipika pilau yake kabla mwaka haujaisha.

Sasa nikiwa mtu mzima napenda kufikiria jinsi tulivyoishi, mimi na yule mzee. Alipozeeka tukamhamishia kwetu Tunduma, tukampa chumba cha uani chenye mlango wake. Akitaka kutoka anakohoa kwanza, nami naingia ndani. Nikipita na ndoo napiga kifuniko, naye anageukia ukuta. Chakula chake kilibebwa na watoto, nao waliona ndiyo kawaida ya nyumba yetu, hawakuuliza. Kama ana neno na mimi, anamwambia mbuzi: "We mbuzi, uji wa leo una sukari ya kumaliza duka." Nami namjibu mbuzi kwamba anayeona sukari imezidi aache kulamba kijiko. Nilimsikia akicheka nyuma ya mlango. Nilipojifungua Gwakisa, yeye akiwa bado mlimani, alituma kiti cha mianzi alichokisuka mwenyewe, cha kunyonyeshea, kikaletwa Tunduma juu ya gari la kahawa. Majirani walidhani tumegombana. Mchungaji akatuambia mambo hayo yamepitwa, kuna njia ya kuyamaliza, zawadi kidogo, mnapeana mikono, basi. Mzee akamwuliza mkewe mimi nasemaje. Nikasema tumezoea. Akasema hata yeye kazoea. Katika maisha yangu nimependwa na watu wengi, nashukuru, lakini hakuna mwingine aliyenipa heshima ya kila siku namna ile, asubuhi na jioni, bila kukosa hata siku moja aliyokuwa mgonjwa.

Basi siku ya mazishi waliniambia nipite kumuaga. "Sasa si amekufa," Atupele akasema, na macho yake mekundu, "muangalie basi mara moja." Nikakataa, nikaenda kuchota maji ya wapishi. Gwakisa alikuwa ameshatangulia makaburini na wachimbaji. Nilikuwa narudi na ndoo kichwani, kwenye ile njia nyembamba inayokatiza kahawa, niliposikia wimbo, na jeneza likatokeza kwenye kona, mbele yangu kabisa. Vijana waliobeba walikuwa wa mjini. Nikatua ndoo. Nikaiacha njia, nikaingia katikati ya mibuni mpaka mtaroni, matope yakanifika kwenye vifundo vya miguu, nikawapa mgongo, nikajifunika kanga uso wote.

Wimbo ukakatika. Nikasikia miguu ya wabebaji imesita, mmoja wao ananong'ona, yule mama vipi, amezidiwa? Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe wangu, ya polepole, inachagua maneno.

"Piteni," alisema. "Ni mkwe wake. Anampisha."

Wakapita. Mimi nikabaki pale mtaroni nalia, sikugeuka mpaka wimbo ulipofika kaburini.